Unaanza kusoma vidomozi wa michungwa? Acha nondo, shika jani

Wiki yangu ya kwanza niliimaliza nikimsaka nondo. Usinifuate. Kidomozi wa michungwa, Phyllocnistis citrella, ni nondo ambaye kiwavi wake huchimba njia ndani ya jani; akikunjua mabawa hafiki hata nusu sentimita. Ni mweupe wa fedha, ana kidoa cheusi kwenye ncha ya kila bawa la mbele, na huruka giza likiingia au kabla ya mapambazuko. Mchana utaambulia patupu. Habari zake ziko kwenye jani.

Tena jani changa. Nilianza kwa kuchuma majani makubwa yenye michirizi ya kuvutia, yote yakawa mahame. Jike hutaga yai mojamoja kwenye machipukizi, mara nyingi upande wa chini, karibu na mshipa wa kati. Jani likishakakamaa halimfai.

Liinue juani, ushike lenzi, uanzie pale mchirizi ulipo mwembamba kama uzi. Hapo ndipo kiwavi alipoangulia. Kadiri anavyokua njia inapanuka, inapinda, inajirudia, na katikati yake unakwenda mstari mweusi: kinyesi. Ukague vizuri mstari huo, maana mabuu ya nzi wanaochimba majani mara nyingi huacha kinyesi vipande vipande, huku na huku pembeni mwa njia. Kiwavi wetu hatafuni nyama ya jani. Ni bapa, hana miguu, anapasua seli za ngozi ya jani tu na kufyonza maji yake, ndiyo maana njia inang'aa kama ute wa konokono. (Na konokono husingiziwa sana kwa hili.)

Njia ikiishia ukingoni, tazama kama ukingo umejikunja. Katika hatua yake ya mwisho kiwavi hali chochote; hufuma hariri, hariri ikavuta ukingo, naye akageuka pupa (hatua ya kati ya kiwavi na nondo) humo ndani. Majani hayo ndiyo ya kuchukua. Mimi niliyafungia kwenye mfuko wa plastiki, na siku ya tatu nikawa nafuga ukungu. Chupa iliyofunikwa kitambaa, na karatasi kavu chini, inatosha. Kwenye joto, toka yai hadi nondo ni kama wiki mbili. Kwenye baridi huzidi mwezi.

Chupa yangu ya kwanza kufaulu haikutoa nondo hata mmoja. Walitoka nyigu wadogo kuliko chembe ya mchanga, nikakaribia kuwamwaga. Kumbe hao nao ni sehemu ya somo. Kidomozi alipoingia Florida mwaka 1993, mwaka uliofuata watafiti walimpelekea nyigu Ageniaspis citricola, ambaye mabuu yake humla kidomozi kwa ndani. Yai moja la nyigu huyu, likiwa ndani ya kidomozi, hugawanyika likatoa ndugu kadhaa. Kwa hiyo fungua ukingo kwa ncha ya sindano, taratibu. Ukikuta pupa moja ya kahawia, huenda ni nondo. Ukikuta vipupa kadhaa vimepangana kama shanga, andika tarehe, funika chupa, usubiri nyigu.