Kabla Hujageuza Buli Kusoma Muhuri

Mwaka wangu wa pili wa masomo Nanjing, Uchina, nilitoa yuan 1,800 kununua buli dogo la rangi ya zambarau iliyokoza, lenye muhuri wa Gu Jingzhou kwenye kitako. Ilikuwa karibu posho yangu yote ya mwezi. Nilikuwa nimesoma habari za mfinyanzi huyo kwa miezi mingi, kwa hiyo nilipoliona jina lake sikuangalia kitu kingine. Wiki ileile nikalipeleka kwa mzee mmoja mwenye duka la chai karibu na chuo. Hakuligeuza. Alifunua kifuniko, akaingiza kidole, akakipitisha taratibu kwenye ukuta wa ndani, kisha akanirudishia. "Hili limemiminwa," aliniambia. Muhuri hakuusoma kabisa.

Nimeyashika mabuli mengi tangu siku hiyo, na wenzangu wanaokwenda Guangzhou kufuata mizigo hunitumia picha za mabuli wanayotaka kununua. Karibu kila mara picha ya kwanza ni ya muhuri. Nawaomba waniletee picha ya ndani.

Tuanze na chombo chenyewe. Mabuli yanayotafutwa na wakusanyaji hutoka Yixing, mkoa wa Jiangsu, magharibi mwa Ziwa Tai, na hasa mji mdogo wa Dingshu. Udongo wake huitwa zisha, yaani mchanga wa zambarau. Si udongo laini wa kando ya mto. Ni mwamba unaochimbwa, ukaachwa juani na mvuani mpaka ulegee, ukasagwa, ukachekechwa na kukandwa. Mlima uliotoa mwamba maarufu zaidi ni Huanglongshan. Buli la zisha halipakwi ung'aavu wa kioo kama vyombo vya kaure. Huchomwa kwa joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi, na linabaki na vinyweleo vidogo vinavyoshika harufu ya chai. Ndiyo maana wanywaji wengi hutenga buli moja kwa aina moja ya chai.

Sasa hicho kidole cha mzee. Ukielewa buli linavyotengenezwa utaelewa alichokuwa anatafuta. Mfinyanzi wa jadi wa Yixing hatumii gurudumu. Hupiga donge la udongo kwa nyundo ya mbao mpaka liwe bapa lenye unene mmoja, akakata mkanda, akaukunja uwe kama kopo lisilo na vifuniko, akaunga ncha zake. Halafu huweka kopo hilo juu ya kisahani kinachozunguka na kulipigapiga kwa kibao huku vidole vya mkono wa pili vikiwa ndani, mpaka ukuta ubonyee na kuvimba kama tumbo la mtungi. Nilipolitazama jambo hili kwa macho yangu Dingshu niliwakumbuka mama zetu wanaofinyanga vyungu kwa mkono na kipande cha kibuyu. Mdomo na mkono wa buli hufinyangwa pembeni na kubandikwa baadaye. Ile unganio ya mkanda huwekwa upande utakaobandikwa mkono, ili isionekane nje.

Kwa hiyo, ndani ya buli lililofinyangwa kwa mkono, tafuta mstari wa wima, hafifu, nyuma ya mkono. Pitisha kidole. Utahisi pia mabadiliko madogo ya unene, na pale mdomo ulipobandikwa utaona mashimo ya chujio yaliyotobolewa moja moja, mara nyingine na mkwaruzo wa chombo cha kutobolea. Hayo ni maandishi ya mkono wa mtu, na ni vigumu kuyaiga kuliko jina.

Buli la kumiminwa halina habari hizo. Udongo hufanywa uji, ukaongezwa dawa ya kuufanya utiririke, ukamiminwa kwenye kalibu ya plasta. Plasta hunyonya maji, ukuta huganda, uji uliobaki humwagwa. Matokeo yake ni ukuta mwembamba wenye unene uleule kila mahali, laini ndani na nje, chembe za mchanga hazionekani vizuri, na chombo ni chepesi mkononi. Mengine yana mkono wenye uwazi ndani. Ukitazama ukutani utakuta tundu au bonyeo pale mkono unapoanzia. Langu lilikuwa nalo. Nililiona usiku ule kwa tochi ya simu, baada ya mzee kuniambia, na likanikaa rohoni muda mrefu.

Kati ya hayo mawili kuna kundi kubwa ambalo watu hulidharau bure: bapa la udongo halisi linalobonyezwa ndani ya kalibu, kisha mfinyanzi akaunga, akasafisha na kubandika mdomo na mkono. Wachina huliita nusu mkono. Mabuli mengi mazuri ya kiwanda namba 1 cha Yixing yalitengenezwa hivyo, na wakusanyaji leo wanayagombania. Udongo ni mzuri, umbo limetulia, chai inatoka vizuri. Kosa ni la muuzaji anayekuuzia nusu mkono kwa bei ya mkono mtupu.

Rangi nitaieleza kwa kifupi, maana hapo ndipo picha za mtandaoni zinapodanganya zaidi. Zini ni ya zambarau inayoelekea kahawia. Hongni ni nyekundu. Duanni hutoka na rangi ya mchanga au manjano iliyopoa. Zhuni ni nyekundu ya chungwa, na husinyaa sana tanurini, ndiyo maana mabuli yake ya zamani mengi ni madogo na yana makunyanzi membamba kwenye ngozi. Rangi hizi zote zimetulia. Ukizimwagia maji ya moto hukolea, zikikauka hurudi. Buli la kijani kibichi, la buluu, au jekundu kama kitambaa cha bendera, linataka maswali mengi. Mei 2010 televisheni ya taifa ya Uchina, CCTV, ilionyesha watengenezaji wakichanganya udongo wa kawaida na kemikali za kutia rangi ili uonekane kama zisha. Soko zima lilitikisika. Hili si suala la fedha peke yake, maana chombo ni cha kunywea. Mimina maji yanayochemka, funika dakika chache, nusa. Zisha halisi hunukia udongo kidogo, kama ardhi baada ya mvua. Harufu ya rangi, mafuta au dawa haina maelezo mema.

Na mistari ya duara inayozunguka ndani kuanzia kitako hadi ukingo wa juu? Hiyo ni alama ya gurudumu. Mara nyingi buli hilo limetoka Chaozhou, mkoa wa Guangdong, ambako wana udongo wao mwekundu na ufinyanzi wao wa gurudumu, wa heshima kabisa. Mimi ninalo moja na ninalipenda. Lakini limenunuliwa kama la Chaozhou. Likiuzwa kwa jina la zhuni ya kale ya Yixing, hapo pana uongo.

Sasa tugeuze kitako. Muhuri una kazi yake, ila kazi hiyo inakuja baada ya udongo, ufundi na umbo kukubaliana. Mfano mzuri ni Hui Mengchen, mfinyanzi wa karne ya 17 aliyesifika kwa mabuli madogo. Jina lake liliendelea kugongwa kwenye mabuli madogo vizazi kwa vizazi, hadi kwenye mabuli ya kiwanda ya karne ya 20, mpaka likawa kama jina la aina ya buli. Anayekuambia "lina muhuri wa Mengchen, kwa hiyo lina miaka 350" hajakuambia chochote.

Hata Gu Jingzhou mwenyewe, aliyezaliwa 1915 na kufariki 1996, katika miaka ya 1930 aliajiriwa Shanghai pamoja na mafundi wengine kutengeneza nakala za mabuli ya mabwana wa kale kwa ajili ya mfanyabiashara wa vitu vya kale. Nakala zile zilikuwa nzuri mno. Mkono wa bwana mkubwa wa karne ya 20 ulikuwa chini ya majina ya watu wa karne zilizopita! Leo mambo yamegeuka. Mwaka 2010, buli lake la umbo la shipiao, yaani pana chini na jembamba juu, moja kati ya matano aliyoyafinyanga 1948, liliuzwa mnadani Beijing kwa zaidi ya yuan milioni 12. Pima mwenyewe uwezekano wa kulikuta lingine kwa yuan 1,800 dukani. Nilipaswa kuupima mimi pia.

Mabuli ya kiwanda kuanzia miaka ya 1960 na kuendelea mara nyingi yana muhuri wa mraba wenye herufi nne, Zhongguo Yixing. Nao unaigwa kila siku. Linganisha na buli lenyewe: je, mikono na midomo ni ya kawaida, ya kazi ya kila siku, yenye kasoro ndogo za mtu aliyefinyanga mengi kwa siku? Nakala za sasa mara nyingi ni nadhifu kupita kiasi. Kidokezo kingine ni chujio. Lile la nusu mpira, linaloingia tumboni mwa buli, ni la miongo ya mwisho ya karne ya 20. Ukiliona kwenye buli linalodaiwa ni la enzi ya Qing, utawala wa kifalme uliokwisha 1912, lirudishe mezani kwa adabu. Kwa mafundi walio hai kuna vyeo vya serikali, na kila cheo kina bei yake. Kwa hiyo kuna pia mabuli yaliyofinyangwa na wanafunzi au watu wa kukodi, yakagongwa muhuri wa mwenye cheo. Cheti chenye picha ya fundi akiwa ameshika buli hakimalizi shaka hiyo.

Wauzaji wanapenda mchezo wa kifuniko: wanajaza maji, wanaziba tundu la juu kwa kidole, maji yanakatika mdomoni. Unapendeza, na unaonyesha kifuniko kimekaa vizuri. Hauonyeshi umri wala udongo. Mabuli mengi halali ya kiwanda yana vifuniko vinavyocheza kidogo, ilhali mapya yaliyosagwa kwa mashine yanabana kama chupa. Mimi naangalia zaidi maji yanavyotoka: mkondo uwe mmoja, wa mviringo, na ukisimamisha buli usidondoshe matone kooni mwa mdomo.

Mama akinunua chungu sokoni hukigonga kwa kifundo cha kidole. Fanya vivyo hivyo: laza buli kwenye kiganja bila kulibana, gonga tumboni kwa ukucha. Sauti iliyopasuka ni ufa. Kagua ncha ya mdomo, ukingo wa ndani wa kifuniko, na mashina mawili ya mkono, maana hapo ndipo gundi hujificha. Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) huifanya gundi nyingi ing'ae. Linganisha pia udongo wa kifuniko na wa tumbo, kwani vifuniko vya kuazima ni vingi. Doa la chai si tatizo. Ufa ni tatizo.

Uzee wa bandia hutiwa kwa chai nzito, nta, na hata rangi ya viatu. Loweka kitambaa cheupe kwenye maji ya moto, futa kwa nguvu. Kikitoka na rangi, umepata jibu. Mng'aro wa matumizi ya kweli hauko sawa kila mahali: unakolea panaposhikwa, unapungua kwenye pembe za mkono na chini ya mdomo. Uchafu uliojaa zaidi kwenye pembe na herufi, huku panaposhikwa pakiwa pakavu, umepakwa.

Mwaka uliofuata nilipanda basi hadi Dingshu, nikanunua shipiao ya nusu mkono kwa mama mmoja aliyekuwa akifinyanga palepale dukani, yuan 450. Jina lililo kwenye muhuri wake halimo katika kitabu chochote nilichowahi kufungua. Natengenezea chai ndani yake hadi leo. Lile la yuan 1,800 bado ninalo pia, ila chai halijaliona tena. Mtu akija nyumbani kuniuliza habari za mabuli, namwambia afumbe macho, nampa yote mawili, aingize kidole. Ndipo tunaanza kuzungumza.