Pafu Jipya Zima, Pumzi Bado Fupi

Mtu aliyepandikizwa mapafu akianza kuishiwa pumzi, wasiwasi wake wa kwanza ni kwamba mwili unayakataa mapafu mapya. Wasiwasi huo una msingi, na madaktari nao huanzia hapo. Mimi nilifanyiwa upasuaji huo Toronto baada ya mapafu yangu kujaa makovu. Vipimo havikuonyesha dalili ya kukataliwa wala maambukizi, na bado kila nilipolala chali pumzi ilinibana. Tatizo lilikuwa kwenye kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao upande wake wa kulia ulikuwa umepooza.

Kiwambo huendeshwa na neva ya freniki, inayoanzia shingoni na kushuka kandokando ya moyo, karibu sana na mahali ambapo mpasuaji hukata na kuunganisha mishipa ya pafu. Neva hiyo inaweza kuvutwa, kuunguzwa na kifaa cha umeme cha kuzuia damu, au kudhurika kwa barafu inayotumika kulipoza pafu. Pafu la zamani likiwa limegandamana na ukuta wa kifua, hata mkono hodari hupata shida kulibandua, ndiyo maana sishauri mtu aanze na lawama.

Ninachoshauri ni kutomwambia daktari kwamba unahema, ukaishia hapo. Mweleze ni katika mkao gani, kama unalazimika kulala umeegemea mito, na kama tumbo linabonyea badala ya kuinuka unapovuta pumzi. Eksirei huweza kuonyesha upande mmoja umepanda, lakini haitoshi peke yake. Ulizia altrasaundi ya kiwambo, na kupimwa kiasi cha pumzi ukiwa umekaa, kisha ukiwa umelala. Kwangu tofauti ilikuwa wazi hata kwa asiye mtaalamu.

Baada ya hapo ni subira, maana neva huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na nafuu huweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa usiku ilinirudishia usingizi. Vidonge vya usingizi, ambavyo vinaweza kudhoofisha upumuaji, usivimeze bila ruhusa ya daktari wako. Upo pia upasuaji wa kukikunja na kukishona kiwambo ili kikazwe, ila kwa aliyekwisha kutoka kwenye mashine ya kupumulia, kama mimi, kwa kawaida neva hupewa kwanza muda wa kupona. Anayeshindwa kuachishwa mashine hiyo hesabu yake ni nyingine, na ndugu zake wana haki ya kuuliza mapema.