Saa Tano Asubuhi Forodhani

Juzi binti mmoja anayesoma chuo hapa Dodoma kaniandikia: "Kaka, nataka kufuatilia watalii wanavyozunguka Mji Mkongwe kwa kutumia picha wanazoweka mtandaoni, kama ulivyofanya wewe. Nianzie wapi?"

Kama nilivyofanya mimi! Nilicheka peke yangu ndani ya daladala ya Nkuhungu mpaka konda akanigeukia.

Mdogo wangu, nilianza kwa kuzipenda ramani za Eric Fischer za mwaka 2010. Alichukua picha za Flickr, mtandao wa watu kuweka picha zao, akatia nukta za bluu kwa wenyeji na nyekundu kwa watalii. Aliyepiga picha mji uleule kwa mwezi au zaidi, mwenyeji. Aliyepita kwa chini ya mwezi na ana mji wake mwingine, mtalii. (Ukileta kanuni hiyo Dodoma, wageni wa Bunge la bajeti wanaokaa Aprili hadi Juni wote ni Wagogo.) Nikajiambia, hii naiweza. Habari ya kuandika programu naruka, mafunzo yamejaa kila mahali.

Ramani ikatoka tamu! Ngome Kongwe, Forodhani, mpaka kanisa la Mkunazini lililojengwa kwenye soko la watumwa, kila saa na nukta zake. Nikaenda kuiwasilisha mbele ya watu wenye kazi ya kutoa. Suti ya kuazima, kifua mbele.

Mzee mmoja wa Unguja, kofia ameiweka gotini, akainua mkono. "Mwanangu, saa tano asubuhi pale Forodhani pana nini cha kupiga picha? Paka?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kweli, ramani yangu ilikuwa nyekundu kuliko kawaida saa hiyo. Nikajibu kwa kujiamini kwamba data ndivyo inavyosema. Akasema, "Basi tufungulie moja tuione."

Sikuwa nimefungua hata moja.

Nikafungua palepale, ukutani. Mishikaki kwenye makaa, moshi, taa, na nyuma yake anga nyeusi tii. Saa iliyoandikwa ndani ya faili: 11:40. Ilipigwa Januari, na kamera ilikuwa bado na saa za New York, nyuma yetu kwa saa nane. Kumbe ni saa moja na dakika arobaini usiku, watu wanakula. Nikafungua nyingine, na nyingine. Karibu zote za mtu yuleyule mmoja, mpenda mishikaki. Nilihesabu picha badala ya kuhesabu watu.

Kazi akapewa mwingine. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "data haidanganyi", tumbo linanikata.

Kwa hiyo fungua picha. Tunapenda mno ramani za rangirangi, na uvivu wa kutazama tunauita teknolojia. Tazama anga, tazama vivuli. Mtu mmoja kwa siku moja mahali pamoja, mhesabu mara moja. Picha zilizopitia WhatsApp ziache, mahali zilipopigwa huwa pameshafutika. Baadaye nilijaribu picha za michoro ya miambani ya Kolo, iliyomo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, nikakuta nukta zimerundikana Kondoa mjini badala ya Kolo. Wageni walizibandika kwenye ramani kwa mkono, wakaona "Kondoa" inatosha. Flickr huonyesha kiwango cha usahihi wa mahali, 1 mpaka 16. Picha yenye kiwango cha chini itupe. Halafu fungua picha. Nimeshasema? Nasema tena.

Ukishakusanya mia za kwanza nitumie, tuziangalie wote. Ramani bado usinitumie.