Kabla hujalipia kitabu cha mwisho, funua nyuma

Tahadhari kwanza: nitasema nani anakufa. Kama uko kwenye mfululizo wa Divergent wa Veronica Roth na hujafika kitabu cha tatu, Allegiant, ishia hapa, urudi ukimaliza. Sitaki lawama za kuharibiana uhondo.

Changu nilikinunua Mwanjelwa, kwa kijana anayetandaza vitabu vya mitumba kwenye turubai. Elfu tatu. Viwili vya mwanzo nilikuwa nimevisoma vya kuazima, kwa hiyo nilipokiona cha tatu nilikibeba kama mtu aliyeokota pesa njiani, hata kukifungua sikukifungua. Ilikuwa Julai, na wanaoijua Julai ya Mbeya wanajua kwamba ikishafika saa moja jioni hakuna cha maana zaidi ya blanketi mbili na kitabu. Siku ya nne Tris, msichana ambaye hadithi yote ni yake, akafa. Tobias, mpenzi wake, akapata habari. Nikafunua ukurasa, nikakutana na jalada.

Kurasa za mwisho zilikuwa zimenyofolewa. Zimebaki nyuzinyuzi na gundi kavu, na sentensi imekatika katikati kama mtu aliyeishiwa salio. Labda zilifungia karanga, labda mtoto wa mtu alitengenezea ndege.

Kwa hiyo ukiwa kwenye turubai fanya hivi: funua karatasi ya mwisho, angalia kama sentensi imefika kwenye nukta, kisha funga upesi kabla jicho halijashika neno. Halafu pitia namba za kurasa katikati, maana vitabu vilivyobandikwa kwa gundi vinaweza kuachia karatasi hata za katikati. Kitabu cha kwanza chenye pengo unaweza kukivumilia, utajazia kwa akili. Cha mwisho usikichukue hata ukipewa bure.

Mimi nilikaa na hasira miezi. Fikiria: msichana katoka Chicago, kagundua kwamba mji wao mzima ni jaribio linalotazamwa na watu walioweka makao yao kwenye uwanja wa ndege wa zamani wa O'Hare, kaingia mahali alipopaswa kuingia kaka yake ili kuzuia watu wa mji wao wasifutwe kumbukumbu, dawa ya kuua imemshindwa, halafu anamalizwa na risasi ya mkubwa mmoja aliyekuwa anamsubiri humo ndani. Nilimtukana mwandishi kimoyomoyo, kwa Kiswahili, maana Kiingereza changu hakina matusi ya kutosha.

Baadaye nikaona kwamba nilikuwa nimeambiwa mapema, ila sikusikia. Katika vitabu viwili vya mwanzo, cha 2011 na cha 2012, anayesema “mimi” ni Tris peke yake. Cha tatu, cha 2013, kinafunguka na majina juu ya sura: mara Tris, mara Tobias, wanapokezana. Anayesema “mimi” hawezi kusimulia mazishi yake. Lazima awepo wa kupokea kijiti. Ukishika kitabu cha mwisho cha mfululizo wowote, kabla ya kukimbilia matukio, tazama nani amepewa mdomo ambaye mwanzo hakuwa nao. Bibi zetu walifanya hivyo hivyo kwenye moto wa jikoni: sauti ikibadilika, ujue kuna kitu kinakuja.

Desemba nilikwenda Iringa kwa shangazi. Mtoto wake, kidato cha pili, aliposikia nalalamika kuhusu Tris, alinicheka.

“Dada, Tris hajafa. Mimi nimemwona kwenye muvi, hadi mwisho yupo.”

Tulibishana mpaka shangazi akatufukuza jikoni. Na kweli, kwenye filamu ya 2016 anabaki hai, kwa sababu mwisho wa kitabu uliachiwa filamu ya nne, na hiyo ya nne haikutengenezwa hadi leo. Anayesubiri banda la video limsimulie mwisho atasubiri sana.

Siku iliyofuata nilimpeleka mdogo wangu huyo makumbusho ya Kalenga. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, liko pale ndani ya kioo. Nilikuwa nimelisoma shuleni kama kila mtu, nikalikariri kwa ajili ya mtihani: alijipiga risasi Julai 1898 ili Wajerumani wasimpate mzima. Kumbe kwangu habari ilikuwa inaishia kwenye risasi. Sikuwa nimeketi kufikiri kwamba kichwa kilichukuliwa, kikatajwa hata kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kikarudi 1954. Miaka 56 yeye hayupo, na watu bado wanamdai. Nimesimama pale, nikazikumbuka kurasa zangu za Mwanjelwa.

Kabla hatujarudi nyumbani nikapita mezani kwa muuza vitabu karibu na soko. Allegiant, elfu tano, nikaifunua nyuma: nukta ipo. Usiku nikasoma zile nilizonyimwa. Ni miaka miwili na nusu baadaye, na Tobias, anayeogopa urefu kuliko karibu kitu chochote, anapanda juu ya jengo, anajifunga kwenye waya na kuteleza hewani juu ya mji huku akimwaga majivu ya Tris. Sikumsamehe mwandishi palepale. Ila nililala.

Kitabu nilimwachia mdogo wangu. Kufa kwa Tris bado anakataa, anasema nimemtungia. Wiki iliyopita ameingiza ujumbe saa tano usiku: “Dada, mbona humu na Tobias naye anasimulia?”

Nimeusoma. Tiki za bluu anaziona. Sijamjibu.