Kabla hujanunua shamba chini ya mlima, uliza upepo unatokea wapi

Jamani naandika hii kwa sababu naona watu wanaulizana sana mashamba ya bei chee ile njia ya kwenda Mkomazi na Same, na mimi nilishapita hapo na iliniuma kwelikweli.

Nilinunua ekari 3 kati ya Mombo na Mazinde. Dalali akanionyesha mlima wa Usambara hapo mgongoni, kijani kibichi, mawingu yamekaa juu, akasema hapa mvua sio tatizo, si unaona mwenyewe. Nikaamini. Masika nikapanda mahindi, yakaota vizuri, yakafika magotini, halafu basi. Kila mchana wingu jeusi linajikusanya kule juu, ngurumo unazisikia, harufu ya mvua inakufikia kabisa, ila shambani kwangu udongo umepasuka nyufa za kuingiza kidole. Mzee jirani akaniambia, "Mwanangu, huku sisi mvua tunaiona tu, wanaoinywa wako kule."

Baadae ndo nikaelewa. Upepo wetu wa mvua unatoka baharini, unaingilia upande wa Tanga na Muheza ukiwa umebeba unyevu, sasa ukigonga mlima unalazimika kupanda, na kadiri unavyopanda unapoa, kila mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 hivi, na hewa ikipoa haiwezi kushika maji yote inamwaga. Ndo maana Amani, kule Usambara upande unaotazama bahari, kwenye mita kama 900 tu, inapata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, hata Julai kusi ikivuma manyunyu hayaishi. Ukivuka mlima upepo unateremka umeshakamuliwa, unapata joto, na wingu linayeyuka. Mkomazi hawafikii hata nusu ya mvua ya Amani, na ni mlima uleule! Uluguru kule Morogoro nako hivyohivyo, upande wa mashariki unalowa kuliko wa magharibi, kule Mgeta.

Kwa hiyo ukitaka shamba, fungua ramani kwenye simu, tafuta bahari iko wapi na mlima uko wapi. Kama mlima uko katikati yako na bahari, shtuka. Halafu nenda mwenyewe uangalie mimea, hiyo haidanganyi hata dalali aseme nini: ukikuta mibuyu, migunga na mkonge ujue pakavu, ukikuta iliki, mdalasini na miti yenye ndevu za kuvumwani ujue maji yapo. Na usiende masika peke yake, masika kila mahali panapendeza, nenda Februari au Septemba. Takwimu za mvua waombe mamlaka ya hali ya hewa, ila uliza kituo kilichopima kiko upande gani wa mlima, maana Lushoto kule juu sio Mazinde hata kama ni mkoa mmoja.

Kama umeshanunua kama mimi usiuze kwa hasira. Mvua inayonyesha juu inateremka na mito, watu wa Mombo wanalima mpunga kwa mifereji kwenye joto lile lile, kwa hiyo mfereji ulipo ni muhimu kuliko wingu lilipo. Mimi mwaka huu nimeweka mtama na choroko, mahindi nimeyaachia kipande cha nusu ekari tu, kile kinachopakana na mfereji.