Maswali ya Wasomaji: Kwa nini kipindi cha kwanza cha Star Trek kilikataliwa?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba kipindi cha kwanza cha tamthilia ya Kimarekani ya Star Trek kilikataliwa kwa sababu msaidizi wa nahodha alikuwa mwanamke. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, kilichokataliwa ni kipindi cha majaribio kilichoitwa "The Cage", ambacho Gene Roddenberry, mwanzilishi wa tamthilia hiyo, alikirekodi mwishoni mwa mwaka 1964 katika studio za Desilu, Jeffrey Hunter akiigiza nahodha wa chombo cha anga za juu. Wakuu wa kituo cha televisheni cha NBC walipokitazama mapema mwaka 1965 walivutiwa na utengenezaji wake, lakini waliona kwamba kisa cha nahodha aliyetekwa na viumbe wanaozichezea fikra zake kinamtaka mtazamaji atafakari mno, tena mapambano ni machache. Hiyo ndiyo sababu kuu. Televisheni ya kibiashara huishi kwa matangazo, na kipindi cha majaribio ndicho sampuli wanayoonyeshwa watangazaji. Sampuli isiyofanana na kitakachorushwa kila wiki ni vigumu kuiuza, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Kuhusu mwanamke, Roddenberry alisimulia kwa miaka mingi kwamba NBC ilimkataa kwa jinsia yake. Herbert Solow, aliyekuwa msimamizi huko Desilu, aliandika baadaye kwamba kituo hakikupinga cheo hicho kushikwa na mwanamke, bali kilipinga uteuzi wa Majel Barrett, aliyekuwa na uhusiano wa kimapenzi na Roddenberry. Mimi naona maelezo ya Solow yana uzito zaidi, kwa kuwa hakuwa na sababu ya kuuficha uhusiano huo. NBC ilihofia pia masikio yaliyochongoka ya Spock, mhusika mwenye asili ya sayari nyingine, yasije yakamfanya aonekane kama shetani.

Hata hivyo wazo lenyewe liliwapendeza, wakaagiza kipindi cha pili cha majaribio, jambo lililokuwa nadra sana. Hunter hakutaka kurudi, nafasi yake ikachukuliwa na William Shatner, na mfululizo ukaanza kurushwa na NBC tarehe 8 Septemba 1966. Picha za "The Cage" nazo hazikupotea, kwani Novemba mwaka huohuo ziliingizwa katika kisa cha sehemu mbili. Barrett alirudi kama muuguzi, si kama msaidizi wa nahodha. Ila katika chumba cha usukani cha chombo hicho aliketi sasa Nichelle Nichols, akiigiza afisa wa mawasiliano aliyeitwa Uhura, jina lililotoholewa kutoka neno letu "uhuru".