Kabla hujanunua mzinga wa nyuki wadogo, zunguka uangalie maua

Kila nikiweka picha za mizinga yangu ya nyuki wadogo, hawa wasiouma, maswali yanakuwa yaleyale: mzinga bei gani, kundi nalipata wapi, asali lita inauzwaje. Ni mara chache sana mtu akaniuliza wanakula nini. Na hapo ndo pesa za watu zinapopotelea, maana unanunua kundi zuri, unalitundika barazani, miezi michache mbele mzinga mwepesi, sisimizi wameshaingia, alafu unaanza kuambiwa una mkosi. Hamna mkosi, ni njaa.

Mi nafugia Muheza, Tanga, katikati ya michungwa na minazi, kwa hiyo miezi nitakayoitaja ni ya huku, aliye Dodoma au Bukoba atapanga ya kwake.

Kitu cha kwanza, hawa nyuki hawaendi mbali. Yule nyuki mkubwa anaweza kufuata maua kilomita kadhaa, ila huyu mdogo, hasa wale vijinyuki vya milimita 3 hivi ambavyo mtu anadhani ni nzi, eneo lake ni mita mia chache tu toka mlangoni. Kwa hiyo usinambie kijijini kwenu kuna msitu, msitu ukiwa ng'ambo ya mto hauwasaidii. Simama pale unapotaka kuweka mzinga, tembea kama hatua 300 kila upande, kinachochanua humo ndo chakula chao. Na zoezi hili usilifanye mwezi wa neema ukajifurahisha, lifanye mwezi mkavu.

Alafu wanahitaji vitu viwili, mbochi, yale maji matamu ya ndani ya ua, na chavua, lile vumbi la ua, na kimoja hakifidii kingine. Mbochi ndo inakuwa asali, inawapa nguvu ya kuruka. Chavua ndo inalea watoto. Nyuki wadogo hawalishi mtoto kidogo kidogo kama wale wakubwa, wao wanajaza kijumba chakula chote cha mtoto kwanza, malkia anataga yai juu yake, wanaziba, basi, hakifunguliwi tena mpaka nyuki atoke mwenyewe. Sasa fikiria chavua imeisha: vijumba havijazwi, malkia hana pa kutaga, na wale wazee wanaendelea kufa kila siku. Unaweza kuwa na vyungu vya asali, vile vifuko wanavyojenga wenyewe ndani ya mzinga, bado vipo na kundi linapungua vilevile.

Huku pwani mti wa kwanza kwangu ni mnazi, na sioni wa kushindana nao. Mnazi mzima unafungua karara jipya, ile ala inayofunika shada la maua, karibu kila mwezi, mwaka mzima, masika na kiangazi. Karara likipasuka yanaanza maua ya kiume, maelfu kwa maelfu, yanamwaga chavua kwa wiki kadhaa, baadaye ndo yale ya kike yanakuwa tayari. Ukiwa na minazi ya kutosha karibu na ikiwa ya umri tofauti, hukosi karara lililo wazi. Angalizo tu kwamba mnazi wa kugema tembo usiuhesabu, mgema anafunga karara kabla halijapasuka kwa hiyo hakuna ua linalofunguka pale, na nyuki wanaofuata utamu wanaishia kufa ndani ya kibuyu.

Wa pili ni mgomba. Chavua yake haina maana kubwa lakini mbochi ipo kila siku mradi kuna ua linaning'inia, na shamba la migomba halikosi ua. Kwa hiyo huku kwetu lile ua naliacha likae. Ila ndugu zangu wa Kagera na Uganda msinifuate kwenye hili! Ule mnyauko wa bakteria, ulioonekana Uganda 2001 na Kagera 2006, unabebwa na wadudu wanaotembelea ua la kiume, nyuki hawa wakiwemo. Kule ua livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda, kama mabwana shamba wanavyosema, nyuki watafutieni kitu kingine.

Michungwa, miembe na mikorosho ni sherehe. Mwembe na mkorosho zinachanua kuanzia kipupwe na kuendelea, mchungwa unafuata vuli ikishanyesha, na hapo hata mfugaji mvivu anapata asali. Mi sipandi kwa ajili ya miezi hiyo, inajitosheleza. Napanda kwa ajili ya Februari na Machi, jua kali na kila kitu kimekauka, alafu masika yenyewe, Aprili na Mei, ambapo maua yapo lakini mvua inaosha mbochi na nyuki hawatoki mpaka jua lichomoze, kwa hiyo wakipata saa mbili za jua wanatakiwa wakute ua pale pale mlangoni, sio la kutafuta.

Kwa kazi hiyo mlonge hauna mpinzani. Unachomeka kipande cha tawi, mwaka haujaisha unachanua, na ukiumwagia maji kiangazi unaendelea kutoa maua wakati jirani pote pamekauka. Chini yake panda kivumbasi na mrehani, hivi vinachanua muda mrefu sana, siri ni kukata vichwa vikianza kukomaza mbegu ili vichipue upya. Maji ya kuoshea vyombo yanatosha kuvilinda, mradi yasiwe na sabuni nyingi. Mpera nao ni mzuri kwa chavua. Matango, maboga na matikiti nayo yanasaidia, ila ua lake linafunguka alfajiri na mchana limeshajifunga, na hawa nyuki ni wa jua, hawaamki mapema kukiwa na baridi. Mahindi pia, wakati wa mbelewele wanabeba chavua asubuhi, ni ya muda mfupi lakini ni nyingi.

Sasa naomba nisikilizwe kuhusu magugu. Kishona nguo, ile inayong'ang'ania kwenye suruali, inalisha nyuki wadogo kuliko miti mingi ya mapambo tunayonunua kwa hela. Ua lake ni fupi na wazi, mdomo mfupi wa nyuki mdogo unafika kwenye mbochi bila shida. Mimi napalilia mashimo ya miti tu, mipaka yote naacha, na nikifyeka nafyeka upande mmoja, nasubiri uchanue tena ndo nageukia wa pili. Shamba lililofagiliwa kama uwanja wa shule linapendeza kwa wageni ila nyuki wanalala njaa humo.

Unajuaje kama wanashiba? Kaa pembeni ya mlango saa nne au saa tano asubuhi uangalie miguu ya nyuma. Wakiingia na vidonge vya rangi mbalimbali, njano, krimu, chungwa, ujue wamepata maua ya aina nyingi. Wakiwa na kitu kinachong'aa kama gundi hiyo ni utomvu, wa mwembe au mfenesi uliojeruhiwa, nao wanauhitaji sana maana wanauchanganya na nta kujengea vyungu na ule mrija wa mlangoni. Ukiona siku tatu mfululizo za jua wengi wanarudi miguu mitupu na mzinga hauongezeki uzito, usivune, hata kama mteja amekutumia hela ya asali ya kikohozi. Mwambie asubiri. Na Januari mwishoni usikombe kila chungu, waachie, ndo akiba yao ya mpaka masika yaishe.

Dawa za shambani: ongea na jirani mapema kabla hajabeba bomba, kwa heshima, umuombe anyunyizie jioni kabisa nyuki wakisharudi, na asinyunyizie michungwa ikiwa kwenye maua. Wangu mzee mmoja alikubali siku nilipompelekea chupa ndogo ya asali, sasa ananipigia simu yeye mwenyewe kabla ya kupuliza.

La mwisho ni kibobakasi, ule mti wa maua mekundu makubwa kama vikombe unaopandwa sana kwenye taasisi na kando ya barabara. Ni mzuri machoni, lakini kule Brazil, ambako uliletwa kama mti wa mapambo, watafiti wamekuta nyuki wasiouma wamekufa ndani ya maua yake. Mi siuweki karibu na mizinga. Kama wako umeshakuwa mkubwa na hutaki kuukata, hamisha mizinga usiku wakiwa wote ndani, upeleke kwenye minazi.